Upinde wa kompaundi: pima urefu wa kuvuta kwanza, uzito baadaye

Upinde wa kawaida humfuata mpigaji. Ukivuta hadi kidevuni unakubali, ukivuta hadi sikioni unakubali pia, ila unazidi kuwa mzito. Upinde wa kompaundi hauna ridhaa hiyo. Kamu, yaani magurudumu yasiyo duara kamili yaliyo kwenye ncha za matawi yake (zile pande mbili zinazopinda), huzunguka kadiri uzi unavyorudi nyuma: uzito unapanda, unafika kilele, kisha unaporomoka, na katika pinde nyingi za leo mkononi hubaki asilimia 10 hadi 35 tu ya uzito wa kilele. Baada ya hapo uzi unagota. Wapigaji huuita mgoto huo ukuta, na ile sehemu nyepesi inayotangulia ukuta huitwa bonde.

Mahali ukuta ulipo pamepangwa na kamu pamoja na moduli zake (vipande vidogo vinavyofungwa kwenye kamu), wala nguvu zako haziwezi kupasogeza. Ukuta ukiwa mbali kuliko mwili wako unavyofika, mwili ndio utakaojikunja kuufuata: kichwa kitarudi nyuma, bega litapanda, kiwiko kitajifunga. Ndiyo maana urefu wa kuvuta unapimwa kabla ya kitu kingine chochote. Uzito wa kuvuta hubadilishwa kwa kuzungusha bolti mbili za matawi. Urefu usiokufaa hautibiwi kwa mazoezi, hata upige mishale elfu.

Namba hii inaanzia wapi na kuishia wapi

Mkanganyiko mwingi unazaliwa hapa. Urefu wa kuvuta ulioandikwa kwenye upinde haupimwi kutoka usoni mwako hadi mkononi tu. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji, kilichowekwa na chama chao cha Marekani, AMO, ambacho leo kinaitwa ATA, kinasema hivi: uzi ukiwa umevutwa hadi mwisho, pima kutoka mkato wa noki (pale mshale unapouma uzi) hadi sehemu iliyobonyea zaidi ya mpini, pale panapoketi pengo la kidole gumba na cha shahada. Kisha ongeza inchi 1¾.

Kwa hiyo mtu ambaye noki yake iko inchi 26¼ kutoka kwenye mpini anahitaji upinde wa inchi 28. Akisahau ile nyongeza akaagiza upinde wa 26¼, atapata upinde wa mtu mwingine kabisa. Akiongeza mara mbili kwa kudhani kipimo cha kwanza hakikuwa nayo, atakosea upande wa pili. Kila unapopewa namba, uliza kwanza: nyongeza imo, au haimo?

Hatua ya 1: pima ya mikono

Kiswahili kina neno la kipimo hiki tangu zamani: pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Ndicho tunachoanza nacho.

Simama mgongo ukigusa ukuta wa nyumba, visigino navyo viguse, miguu iachane kwa upana wa mabega. Nyosha mikono pembeni iwe sawa na mabega, viganja vikitazama mbele. Vidole vinyooke, lakini usijivute. Msaidizi aweke alama ya penseli ukutani mwisho wa kidole cha kati cha kila mkono. Ondoka, kisha pimeni nafasi kati ya alama hizo kwa futikamba iliyokazwa vizuri. Usiishike futikamba mwenyewe kwa vidole huku umenyosha mikono, maana mtu akiipitisha kifuani inapinda na kusoma urefu usiokuwepo.

Rudia mara tatu, ukishusha mikono kila mara. Alama zikipishana zaidi ya sentimita moja, ujue mara moja kati ya hizo ulijinyoosha, na karibu kila mtu hujinyoosha anapoona anapimwa. Inchi moja ya kujinyoosha huongeza inchi 0.4 kwenye jibu, na hiyo ni karibu hatua nzima ya moduli.

Sasa gawanya. Kama umepima kwa inchi, gawanya kwa 2.5. Kama ni sentimita, gawanya kwa 6.35 na jibu litatoka kwa inchi moja kwa moja. Pima ya sentimita 160 inatoa 25.2, ya 170 inatoa 26.8, ya 178 inatoa 28, ya 185 inatoa 29.1. Jibu hili tayari linahesabika kama urefu ulioandikwa kwenye upinde, kwa hiyo hapa usiongeze 1¾.

Usitumie urefu wa kimo badala ya pima. Kwa watu wengi viwili hivyo hukaribiana, lakini mtu mwenye mikono mirefu au mabega mapana anaweza kupishana na kimo chake kwa sentimita kadhaa, na ni mikono inayovuta upinde.

Hatua ya 2: hesabu ya pili ya kuhakiki

Kuna kanuni nyingine ambayo mafundi wa pinde hutumia: chukua pima kwa inchi, toa 15, gawanya kwa 2. Mwenye pima ya inchi 70 anapata 27½, ilhali kanuni ya kwanza ilimpa 28. Mwenye inchi 75 anapata 30 kwa kanuni zote mbili. Mwenye inchi 63 anapata 24 kwa hii na 25.2 kwa ile, tofauti ya zaidi ya inchi nzima. Kadiri mtu alivyo mfupi ndivyo kanuni mbili zinavyoachana.

Usihangaike kutafuta ipi ni sahihi. Zichukue kama mipaka miwili: jibu lako halisi huenda liko kati yake au jirani, na upinde utakaonunua uwe na moduli zinazoweza kufika pande zote mbili. Kwa mtu wa pima ya inchi 70, upinde unaorekebishika kati ya 26 na 30 unampa nafasi ya kutosha kushuka na kupanda. Upinde wenye kikomo cha chini cha 28 haumfai, hata kama 28 ndiyo iliyotoka kwenye hesabu, kwa sababu akihitaji kupunguza nusu inchi hatakuwa na pa kwenda.

Hatua ya 3: amua utafyatua kwa nini

Mpigaji wa kompaundi kwa kawaida hashiki uzi kwa vidole. Hushika kifyatulio, na kifyatulio hukamata kitanzi kidogo cha kamba kilichofungwa kwenye uzi nyuma ya noki. Urefu wa kitanzi hicho, mara nyingi nusu inchi hivi, pamoja na urefu wa shingo ya kifyatulio huamua mkono wako utakaa wapi usoni wakati uzi umefika ukutani. Namba iliyoandikwa kwenye upinde haibadiliki, lakini mwili wako unahisi badiliko.

Kifyatulio cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, chenye kichochezi cha kidole cha shahada, kina shingo au mkanda unaoweza kurefushwa na kufupishwa. Kiweke ili kichochezi kifikiwe na kiungo cha kwanza cha kidole bila kidole kunyooka kabisa. Kile cha kushikwa kiganjani huleta mkono karibu zaidi na uzi au huusogeza kwa namna nyingine, na mtu akibadili kutoka kimoja kwenda kingine huweza kuhitaji marekebisho ya robo hadi nusu inchi au zaidi. Kwa hiyo pima ukiwa na kifyatulio utakachokitumia kweli. Kupima kwa kifyatulio cha kuazima halafu ukanunua cha aina nyingine ni kurudi mwanzo.

Hatua ya 4: vuta upinde halisi

Hesabu imekufikisha mlangoni, sasa upinde wenyewe ndio wa kusema. Tafuta upinde wenye moduli za kurekebisha, uweke kwenye namba uliyopata, na ushushe uzito hadi uweze kuvuta bila kuelekeza upinde angani wala kujitikisa. Mtu akipima urefu kwa uzito unaomshinda, anachopima ni jinsi anavyopambana, na jibu linatoka fupi au lililopinda.

Kabla ya kuvuta, hakikisha mambo mawili. La kwanza, mshale uwepo kwenye uzi na shabaha iwe mbele yako. Upinde wa kompaundi ukiachiwa bila mshale, nguvu yote inarudi kwenye matawi, kamu na nyuzi. Tawi linaweza kupasuka na uzi kuruka kwenye kamu, na vipande havichagui pa kwenda. La pili, mshale uwe mrefu wa kutosha. Mshale mfupi unaweza kuanguka nyuma ya kiegemeo chake, kile kishikio unapolalia, ukiwa umevuta hadi mwisho, na hapo ukifyatua unaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Kwa kupimia tumia mshale ambao haujakatwa.

Vuta ukiwa umeweka kidole nyuma ya kichochezi, si juu yake. Ukifika ukutani tulia. Msaidizi, akiwa amesimama pembeni na kamwe si mbele, atie alama kwa kalamu kwenye mshale mahali ulipo usawa wa sehemu iliyobonyea ya mpini. Katika pinde nyingi, tundu la bolti ya kiegemeo liko takribani juu ya sehemu hiyo, kwa hiyo linasaidia jicho. Rudisha uzi taratibu, toa mshale, pima kutoka mkato wa noki hadi alama, ongeza 1¾. Sasa unajua upinde huo una urefu gani kweli, na usishangae ukikuta ulioandikwa 28 unasoma 28¼ au 28½. Vipimo vya kiwandani hupishana kidogo, na uzi uliotumika sana hurefuka, nao uzi ukirefuka urefu wa kuvuta huongezeka.

Hatua ya 5: soma mwili, si futikamba

Hapa ndipo jibu linapopatikana, na ndipo watu wanapopita haraka. Piga picha mbili kwa simu, kamera ikiwa usawa wa mabega: moja kutoka ubavuni, mshale ukikatiza picha kutoka upande hadi upande, na nyingine kutoka nyuma ya kiwiko kinachovuta, ukitazama kuelekea shabaha. Usijitazame kwenye kioo, maana kugeuza kichwa kunabadili kila kitu.

Katika picha ya ubavuni anza na uti wa mgongo. Kichwa kiwe juu ya nyonga, mwili wima kama herufi T, mabega sambamba na ardhi. Kiuno kikisukumwa kuelekea shabaha na mabega yakirudi nyuma, upinde ni mrefu mno. Mtu hajui kwamba amefanya hivyo. Yeye anahisi amesimama wima, ilhali amelalia nyuma ili apate ile nafasi iliyokosekana.

Halafu angalia mkono ulioshika upinde. Unatakiwa unyooke bila kufungwa, kiwiko kikiwa kimegeuzwa ili ule upande wake wa ndani uwe wima, bega likiwa chini mbali na sikio. Upinde mrefu hufunga kiwiko na kukisukuma ndani, kwenye njia ya uzi. Tazama mkono wenyewe baada ya mishale kumi: mstari mwekundu unaoanza vidole vinne kutoka kwenye kiwiko na kushuka kuelekea kifundo ni maandishi ya uzi, na mara nyingi sana yanasomeka "inchi imezidi". Kabla ya kununua kikinga mkono, punguza urefu. Upinde mfupi mno hufanya kinyume: kiwiko kinabaki kimekunjwa waziwazi kama mtu aliyebeba ndoo.

Kisha uso. Uzi uguse ncha ya pua kwa wepesi na upite karibu na pembe ya mdomo, huku kichwa kikiwa kimetazama shabaha bila kuinama wala kuinuka. Jaribu hivi: geuza kichwa kuelekea shabaha kabla ya kuvuta, kiache hapo, kisha uzi ndio uje usoni. Uzi ukija na kupita pua ukaingia shavuni hadi ukaacha mfereji kwenye ngozi, ni mrefu. Ukilazimika kupeleka pua mbele ili uukute, ni mfupi. Angalizo moja: pinde fupi kwa kimo, kamu hadi kamu, huufanya uzi uwe na pembe kali usoni, kwa hiyo pua inaweza isiufikie hata urefu ukiwa sahihi. Hapo tegemea mkono na kiwiko zaidi kuliko pua.

Mkono unaofyatua uwe na mahali pake pa kudumu chini au nyuma ya mfupa wa taya, pale tunapopaita nanga. Kwa kifyatulio cha kiganjani, mfupa wa taya huketi vizuri kati ya fundo la kidole cha shahada na la kidole cha kati. Nanga inayoning'inia hewani nyuma ya sikio, bila mfupa wowote kugusana na mfupa, haiwezi kurudiwa ileile mara mbili.

Sasa picha ya nyuma. Kiwiko kinachovuta kiwe kwenye mstari mmoja na mshale, au juu yake kidogo. Kikichomoza nje, mbali na mgongo, upinde ni mfupi na misuli ya mgongo haijapata kazi. Mkono peke yake unabeba. Kikizunguka kupita mstari kuelekea mgongoni, upinde ni mrefu.

Jaribio la mwisho ni la macho yaliyofumbwa. Lenga, fumba macho, vuta, tulia kwenye nanga, pumua mara moja, fumbua. Mwili ukijiweka wenyewe bila macho hukaa unapopenda. Ukifumbua na kujikuta unasogeza kichwa kutafuta uzi, urefu haujakaa sawa, ama lile tundu la kulengea lililo kwenye uzi liko mahali pasipo pake.

Hatua ya 6: rekebisha kwa nusu nusu

Badilisha nusu inchi kwa mara moja, kisha rudia picha zote mbili. Pinde nyingi zina moduli ya kuzungusha yenye namba au herufi. Fungua skrubu zake kwa alenki, zungusha hadi alama inayofuata, funga kwa kukaza kunakotajwa kwenye kijitabu chake. Upinde wenye kamu mbili lazima moduli ya juu na ya chini zisome alama moja. Zikitofautiana, kamu moja inafika ukutani kabla ya nyingine: utahisi ukuta wenye migoto miwili, na mishale itapanda na kushuka bila sababu unayoiona. Kigotesho nacho, yaani kile kinachousimamisha uzi ukutani, iwe kinagonga kebo au tawi, kina namba zake zinazopaswa kwenda na moduli. Kukisahau ndiyo sababu ya kawaida ya mtu kusema amepunguza urefu na hajaona tofauti.

Kuna kamu ambazo moduli yake haibadilishwi bila upinde kubanwa kwenye presi, mashine inayokunja matawi ili uzi ulegee. Usijaribu kuzifungua kwa mikono, wala kwa kamba na miti ya kubuni. Mpelekee fundi mwenye presi.

Tofauti ndogo ya robo inchi inaweza kumalizwa kwenye kitanzi au kwenye shingo ya kifyatulio, lakini kumbuka kwamba hapo unasogeza mkono, si uzi. Kama tatizo lako ni uzi kuzama shavuni, kufupisha kitanzi hakutausogeza hata kidogo. Tibu uzi kwa moduli, tibu mkono kwa kitanzi.

Ukibaki katikati ya alama mbili, chukua iliyo fupi. Wengi huvutwa na mrefu kwa sababu ya kasi, na ni kweli: inchi moja ya urefu huongeza takribani futi 10 kwa sekunde. Ndiyo maana kasi zinazotangazwa hupimwa kwa urefu wa inchi 30, uzito wa pauni 70 na mshale wa greni 350, vipimo ambavyo watu wengi hawavuti. Nusu inchi uliyoiacha inakugharimu futi 5 hivi kwa sekunde. Nusu inchi iliyozidi inakugharimu bega, nanga na mkusanyiko wa mishale kwenye shabaha.

Hatua ya 7: yanayofuata urefu ukibadilika

Uzito wa kilele hubadilika kidogo moduli ikisogezwa, kwa hiyo upime tena kwa mizani ya upinde. Tundu la kulengea lazima lihamishwe, kwa sababu jicho limehama. Sindano za kulengea zipangwe upya.

Mshale ukatwe mwisho kabisa, baada ya urefu kutulia kwa wiki kadhaa za kupiga. Vuta mshale mzima, msaidizi atie alama inchi moja mbele ya kiegemeo, na ukate hapo au mbele zaidi, kamwe si nyuma. Ukiongeza urefu wa kuvuta siku za baadaye, kagua tena nafasi hiyo ya inchi moja kabla ya kuvuta, na ugumu wa mshale nao ukaguliwe, maana mshale mrefu zaidi hupinda zaidi.

Kwa mtoto anayekua, rudia pima ya ukutani kila baada ya miezi mitatu na uandike tarehe kando ya alama. Pima ikiongezeka inchi 1¼, nusu inchi ya moduli imefika.